Vespa mpya nayo isikilizwe

Ami yangu alinunua skuta yake ya Vespa mwaka 1981. Ni ya aina ya PX 150, rangi ya samli, na mpaka leo inalala ukumbini kwake Kikwajuni, hapa Unguja, imefunikwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Mwezi uliopita nilimwambia kuwa mdogo wangu anatafuta Vespa, na kwamba anataka iliyotoka kiwandani karne hii, si ya zamani. Ami akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwambie asitie pesa zake baharini," akasema. "Hizo za siku hizi makopo ya biskuti." Baraza zima likaitikia. Hakuna aliyeuliza Vespa ipi, ya kiwanda gani, wala nani kati yao amewahi kuiendesha.

Nilinyamaza, maana ami ni ami na pale hapakuwa mahala pa kumbishia. Lakini kauli hiyo naisikia kila ninapokaa na wenye Vespa, toka Malindi mpaka Mwanakwerekwe, na nilipokwenda Chake Chake, Pemba, mwaka jana niliikuta huko, maneno yale yale. Mie nnazo mbili: moja ya marehemu baba, ya mwaka 1979, na nyengine niliyoinunua mpya miaka tisa iliyopita. Zote mbili nimeziendesha kwenye mvua ya masika, zote mbili nimezisukuma kwa mikono. Ninavyoona, ya zamani tumeipa sifa ambazo nyingi si zake, na mpya tumeibebesha makosa ambayo nusu yake ni yetu sie wenyewe.

Upande wa ami una haki yake, na haki hiyo ni kubwa. Aliyeibuni Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na michoro ya Piaggio, kampuni ya Italia inayotengeneza Vespa, iliyosajiliwa tarehe 23 Aprili 1946 inaonesha hivyo. Hakuna fremu ya mabomba. Bodi yenyewe ya chuma ndiyo inayobeba kila kitu. Hakuna mnyororo, injini imekaa ubavuni mwa tairi la nyuma na inalizungusha moja kwa moja. Gia ziko mkono wa kushoto. Tairi la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege, na tairi la spea linaingia mbele au nyuma. PX, iliyotoka mwaka 1977, ilibeba wazo lile lile, na zaidi ya milioni 3 zimeuzwa duniani. Fundi aliyekaa chini ya mwembe akiwa na spana namba 11, namba 13, ya 17 na bisibisi anaishusha injini yake kabla chai haijapoa: bolti moja ndefu, bolti ya shokapu, waya wa klachi, waya wa breki, zile za gia na ya mafuta, mpira wa petroli na waya za umeme, basi. Kitu kinachofunguka hivyo ni kitu bora, na hilo silibishii. Nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo peke yake linalonitia wasiwasi.

Tatizo ni kuwa wenye za zamani hawaishii kwenye wepesi wa kufungua. Wanasema chuma. "Chuma cha Italia kile, bwana, si hiki cha India." Na hapo ndipo ninapotaka kumwekea msomaji mkononi kitu nilichokiona kwa macho.

Miaka mitatu nyuma Vespa ya baba ilianza kukosa nguvu kwenye kilima kidogo cha kwenda Welezo. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa Mlandege. Alipotoa hedi, kile kifuniko cha silinda, akafuta kichwa cha pistoni kwa tambara lenye petroli, masizi yakatoka, ikabaki namba iliyogongwa juu yake: 58.4. Akaniambia niisome kwa sauti. Nikaisoma. Akauliza: "Unajua ilitoka kiwandani na ngapi?" PX 150 kama ya baba ilitoka na silinda ya milimita 57.8. Ikilika, fundi huichonga upya na kuweka pistoni kubwa zaidi kidogo: 58.0, halafu 58.2, halafu 58.4. Maana yake silinda ya baba ilishachongwa mara tatu, na pistoni niliyokuwa nikiitazama ilikuwa ya nne. Pembeni ya namba ile kulikuwa na chapa ya kiwanda cha India.

Tukaendelea kuhesabu, yeye akiwa amechuchumaa na mie nimekaa juu ya ndoo. Sahani za klachi, India. Ringi, India. Waya zote, India. Shokapu ya nyuma, India. Mudigadi ya mbele ilikuwa imebadilishwa baada ya ajali niliyokuwa siijui. Kabureta ilikuwa ya Vespa nyengine. Cha Italia kilichobaki ni nyumba ya injini na bodi, na bodi nayo ilikuwa na viraka viwili vya kuchomelea. Vespa hii ndiyo baba alikuwa akiipiga mkono ubavuni mbele ya wageni akisema haijawahi kumuangusha. Hakusema uongo. Haikumuangusha kwa sababu kila baada ya miaka kadhaa kulikuwa na mtu wa kuipa moyo mpya, na moyo huo ulitoka Bara Hindi.

Sasa, mtu anayesema kitu cha India ni kibovu huku akiwa amekalia pistoni ya India anasema nini hasa?

Na India yenyewe haikuokota ufundi huu njiani. Bajaj, kampuni ya huko, walianza kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leseni ilipomalizika mwaka 1971, wakaendelea na skuta yao wenyewe, Chetak, kwenye njia ile ile. Kisha katika miaka ya 1980 Piaggio wakaingia ubia na kampuni nyengine ya India, LML ya mji wa Kanpur, na hapo zikatoka Vespa za umbo la PX. Ubia ulipovunjika mwaka 1999, LML hawakufunga mlango: waliendelea kuitengeneza skuta ile ya chuma yenye gia za mkono na kuiuza mpaka Ulaya, na huko Marekani ikauzwa kwa jina la Stella. Piaggio wenyewe walisimamisha PX kwa sababu ya sheria za moshi, wakairudisha mwaka 2011, halafu ikasimama tena. Kabla haijarudi, mtu aliyetaka Vespa mpya ya gia za mkono alilazimika kutazama Kanpur. LML waliingia kwenye ufilisi mwaka 2018, na wengi wa waliokuwa wakizicheka skuta zao leo wanatafuta spea zao. Bajaj na LML si waigaji waliochungulia dirishani. Ni watoto waliolelewa ndani ya nyumba.

Kuna hesabu nyengine tunayoikosea. Tunapotazama Vespa ya mwaka 1979 inayopita Darajani na kusema "tazama zilivyokuwa imara", tunazihesabu zilizofika bandarini tu. Zilizozama hatuzioni. Ziko kwa wauza vyuma chakavu, au zimeshakuwa vipande ndani ya zile zinazotembea. Kila mtu mzima hapa mjini anamjua jirani aliyekuwa na Vespa miaka ya themanini na leo hana. Ile nayo ilikuwa chuma cha Italia.

Nilipokwenda kwa ami peke yangu, bila baraza, nikamuuliza ilikuwaje siku alipoiteremsha yake botini mwaka ule. Akafikiri kidogo, akacheka. Honi ilikuwa hailii. Siku ya tatu waya wa klachi ukakatika Michenzani, akaisukuma mpaka nyumbani, na petroli ilikuwa ikivuja kwenye koki ya tangi mpaka chumba kizima kinanuka. Alikuwa ameshasahau. Miaka 40 ya safari njema imeyafunika majuma yale ya mwanzo, na ni haki yake kusahau. Lakini makosa hayo matatu ni ya namna ile ile ya yaliyonikuta na yangu mpya, ambayo kwangu yameitwa ushahidi wa ukopo.

Niseme wazi yaliyonikuta, bila kutaja kiwanda. Mwezi wa kwanza mpira wa koki ya tangi ulivuja. Indiketa ya kulia ilikuwa inawaka inapotaka. Waya wa spidomita ulikatika kabla sijamaliza kilomita 1,000. Kromu ya vioo ilianza kututumka masika ya pili. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na kromu nyembamba. Na tairi zilizokuja nayo zilikuwa ngumu kama mti wa mkarafuu, barabara ikirowa unazihisi zinateleza chini yako. Nililipa pesa za kitu kipya, na mtu aliyelipa hivyo hapaswi kuja kumalizia kazi ya kiwanda kwa spana yake mwenyewe. Hapo wanaolalamika wako sawa kabisa. Ukaguzi wa mwisho kabla skuta haijatoka mlangoni ni mwepesi, na vitu vidogo vidogo vya mpira, waya na rangi ndivyo vinavyopunguziwa gharama.

Ila tazama orodha ile tena. Mpira, taa, waya, kromu, tairi. Hakuna injini humo. Nilibadilisha tairi wiki ya pili, nikaweka waya mpya zote kwa siku moja, nikakaza kila nati baada ya kilomita 500, na kutoka hapo imenichukua miaka tisa. Nimebadilisha sahani za klachi mara moja, na plagi sijui ngapi. Silinda haijachongwa. Ya baba katika miaka hiyo hiyo tisa imefunguliwa injini mara mbili. Skuta mbili si utafiti, lakini hizo ndizo ninazoziendesha.

Kuna jambo jengine la kauli ya makopo ya biskuti ambalo limenikosesha raha kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike. Kauli hiyo inafika sokoni.

Mwaka juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alinunua "Italia halisi" kwa dalali, ya miaka ya sabini, rangi ya bahari, imeng'arishwa unajiona uso. Aliilipia zaidi ya bei ya Vespa yenye umri wa miaka kumi iliyokuwa ikiuzwa wiki hiyo hiyo Amani. Akaileta kwa fundi wa Mlandege ili afurahi naye. Fundi hakusema kitu. Akatoa kwenye sanduku sumaku ya spika ya redio mbovu, akaifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha taratibu: ngao ya mbele, inashika; kibavu, inashika; nyuma chini ya kiti, inashika. Akashuka kwenye sakafu, pale unapoweka miguu. Sumaku ikashika, ikashika, halafu ikaanguka kwenye kiganja chake. Akairudisha. Ikaanguka tena. Akachukua bisibisi, akamtazama kijana kuomba ruhusa, kijana akakubali kwa kichwa. Kwa msukumo mdogo tu likabanduka pande la puti, ile ya kuzibia bodi kabla ya rangi, kubwa kama kiganja, na chini yake kulikuwa na gazeti. Gazeti lililolowekwa gundi, likapigwa puti, likapigwa msasa, likapakwa rangi ya bahari. Herufi zake bado zilikuwa zinasomeka.

Asiyeijua Vespa huenda akaona ni suala la sura tu. Si sura. Chini ya sakafu ile ndimo maji yanamotuama, na kutu ya hapo huanzia ndani, huioni mpaka imeshakula. Na kanyagio la breki ya nyuma limefungwa kwenye sakafu hiyo hiyo, upande wa kulia. Kijana yule alikuwa anatarajia kusimama kwa kukanyaga gazeti. Siku moja, kwenye mteremko wa kushukia bandarini Wete, au hata hapa kwenye kichochoro cha Mkunazini mtoto anapochomoka mlangoni, angekanyaga kwa nguvu zake zote na mguu ungezama.

Dalali ni mkosa, sawa. Lakini dalali anauza tunachokisifu. Tukikaa barazani kila jioni tukisema kitu ni cha zamani au si kitu, atatafuta cha zamani. Kikiisha, atakitengeneza, maana Vespa za mwaka 1975 haziongezeki na wanunuzi wanaongezeka. Kwa hiyo kijana anayeanza maisha anaiacha skuta yenye bodi nzima kwa kuwa imetoka India mwaka 2012, anakwenda kununua kutu yenye nembo nzuri. Nimeshaziona tatu za namna hiyo kwa fundi mmoja tu.

Breki nazo zisemwe, kwa ufupi. Ya baba ina breki ya dramu mbele, kwenye tairi la inchi 10, na ikiingia maji unaomba dua. PX za miaka ya mwisho zilikuja na diski mbele. Mtu aliyeendesha zote mbili siku moja ya mvua hahitaji kuelezwa. Taa vile vile: za zamani kabisa ni za volti 6, ukisimama njia panda zinafifia kama kandili linaloishiwa mafuta; za baadaye ni volti 12, na moto wa plagi unatoka kwenye elektroniki, hakuna tena pointi za kusafisha kwa karatasi ya msasa kila baada ya muda.

Na wanawake. Dada yangu anaendesha otomatiki, hana gia za kuhangaika nazo, kapu la sokoni linakaa miguuni, buibui halinasi popote. Alijaribu ya baba mara mbili, akairudisha. Yeye na wenzake hawajawahi kuulizwa maoni yao barazani kuhusu Vespa ipi ni bora, na idadi yao barabarani inazidi kila mwaka.

Otomatiki ndiyo inanirudisha kwenye wasiwasi niliosema. Neno "mpya" tunalitumia kwa vitu visivyofanana. Skuta ya gia za mkono iliyotoka Kanpur, na PX iliyorudi mwaka 2011, fundi wa chini ya mwembe anazielewa kama anavyoielewa ya ami. Lakini Vespa za otomatiki, hizi zenye umbo la kizamani na bodi ya chuma bado, zinazotoka Italia, Vietnam tangu mwaka 2009 na India tangu mwaka 2012, ni kiumbe chengine ndani: mipigo minne, mkanda badala ya gia, na nyingi zina kompyuta inayopima petroli badala ya kabureta. Ikizima njiani Jambiani, spana namba 11 haikusaidii. Ninamjua mtu aliyesubiri kifaa kimoja wiki saba, skuta imesimama ukutani. Ami akisema kitu usichoweza kukitengeneza si chako, sina jibu la kumrudishia.

Ninachoweza kumwambia ni kwamba hilo ni suala la elimu yetu zaidi kuliko ubora wa chuma. Kila mtoto wa mjini anajua kuwa Vespa ya mipigo miwili inataka oili asilimia 2, mililita 20 kwa lita moja. Mtu akitia petroli tupu na pistoni ikakwama ndani ya silinda, hakuna atakayesema Vespa mbovu, watamcheka yeye. Mkanda wa otomatiki nao una umri wake na umeandikwa kwenye kitabu kinachokuja na skuta. Watu hawakisomi, mkanda unakatika, na lawama inakwenda kiwandani. Elimu ya oili tuliipata kwa miaka 50 ya kuunguza pistoni. Ya mkanda tunayo miaka michache tu.

Mdogo wangu nimemwambia hivi: akitaka gia za mkono, achukue ya miaka ya mwisho yenye diski mbele, aende na sumaku, na aweke kando pesa za tairi na waya mpya tangu siku ya kwanza. Akitaka otomatiki, atafute fundi kwanza, skuta baadaye. Amefanya hilo la pili. Huko Mwanakwerekwe kuna vijana watatu walionunua kwa kuchangiana kile chombo cha kusoma kompyuta ya skuta, wanakizungusha, kila mmoja siku zake. Tulipofika Jumamosi walikuwa wamekichomeka kwenye Vespa ya mwalimu mmoja wa kike. Ukutani, kwa chaki, wameandika namba za makosa wanazokutana nazo, na mbele ya kila namba maana yake kwa Kiswahili chao: "hewa inapita", "waya umeguswa na maji", "injekta chafu". Zilikuwa kumi na tisa. Mbili za mwisho zilikuwa bado hazina maana mbele yake, na mmoja wao alikuwa amepiga magoti kando ya skuta, anaitafuta ya kumi na nane.